Kiti cha Kushoto

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023, pale Ewoi alipofungua boneti ya ambulensi ya zahanati huko Kakuma akakuta mahali pa betri pamejaa utando wa buibui. Rispa, muuguzi wa zamu, alikuwa amemwambia shida ni mafuta tu. Mafuta yangepatikana. Ewoi alikuwa fundi, hata kwa Wasomali wa sokoni angekopa dizeli. Lakini betri hakuna, pampu hakuna, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa jiwe.

"Sista, hii si gari. Hii ni picha ya gari."

"Mimi nifanye nini, Ewoi? Tuliandikia Lodwar. Wanasema tungoje sahihi."

"Sahihi ya nani?"

"Ya wakubwa."

Ndani, Akidor, mke wa Ewoi, alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Uchungu ulianza jana yake na mtoto alikuwa amelala kwa ubavu tumboni. Hiyo ilikuwa kazi ya kupasuliwa. Hospitali ya kambi ya wakimbizi ilikuwa ng'ambo ya mto Tarach, na mto ulikuwa umejaa tangu alfajiri, unateremsha miti na mbuzi. Kulibaki Lodwar, mwendo wa saa mbili.

Gari pekee lililokuwa likiwaka karibu na zahanati lilikuwa la Ewoi mwenyewe. Lilikuwa Datsun ya mashindano, ya miaka ya sabini, nyekundu yenye boneti nyeusi, iliyoachwa na wazungu wa mbio ikalala kwenye stoo ya misheni mpaka yeye na mwenzake Gervais walipoifufua. Rangi yake ilikuwa bado inanukia. Ilikuwa na viti viwili.

Akidor akawekwa kiti cha kushoto. Binti yao Akiru, mwenye miaka kumi na mitatu, akajikunja nyuma ya kiti hicho, mahali pa mizigo, akashika kichwa cha mama yake. Ewoi akaikanyaga kama walivyoikanyaga wale wazungu walioileta. Injini ya mashindano haina adabu. Ukiwa ndani yake husikii hata kikohozi chako.

Walikuwa wamekaribia Lodwar, karibu kabisa na boma la mama yake Akidor, kichwa kilipokuwa kizito mikononi mwa Akiru. Akiru alingoja baba yake ageuke aone mwenyewe.

* * *

Akidor na mtoto walizikwa kando ya boma hilo. Udongo haujakauka, mama yake Akidor akaanza kuzunguka gari. Alikuwa mjane mwembamba, shingo imejaa shanga, na watu walimwita Mama Lomenen kwa jina la mwanawe wa kiume. Alizunguka, akasimama, akachungulia dirishani.

"Hii nyumba amefia ndani," akasema. "Haiondoki hapa."

"Mama, hii ni gari."

"Mtu akifia nyumba, nyumba hiyo hailalwi tena. Wewe umesahau kwa sababu ya kukaa mjini?"

"Sijasahau."

"Alikuwa amekaa wapi?"

Ewoi akaonyesha.

"Basi nyumba ni hiyo. Itoe."

Hakubisha. Alichukua spana, akapiga magoti mlangoni, akafungua boliti nne alizozikaza kwa mkono wake mwenyewe mwezi uliopita. Kiti kilikuwa cheusi, cha kiwandani, na chini yake kilikuwa na kibati chenye maandishi ya Kijapani. Wakakiweka upande wa kichwa cha kaburi kikitazama barabara, na vijana wakakizungushia miiba kama zizi la wana-mbuzi.

Lomenen, kaka wa marehemu, alikuwa na heshima yake. Alingoja chai iishe.

"Shemeji, pole tena. Sasa kuna hii mambo ya Akiru."

"Akiru amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Lakini mahari ulianza, hukumaliza. Mbuzi tuliona. Ngamia hatukuona hata mkia."

"Ngamia walikufa na kiangazi, Lomenen. Ulikuwepo. Ulikula nyama yao."

"Nilikula, sikatai. Ilikuwa tamu. Lakini nyama si mahari." Wazee wawili wakacheka, kisha wakakumbuka wako matangani. "Mwanamke hajalipiwa, mtoto wake ni wa kwao. Hiyo si mimi nilitunga."

"Shule inafunguliwa Januari."

"Hata huku kuna shule. Na kuna mzee fulani wa Katilu, alikuja mazishi, amesema huyu msichana ni mtulivu. Huyo mzee ako na ngamia."

Akiru alikuwa pale karibu akisuuza vikombe. Alisuuza kikombe kimoja hicho hicho muda mrefu.

"Nipe mpaka Krismasi," Ewoi akasema.

"Wewe si maskini, shemeji. Uza hiyo kitu yako nyekundu."

* * *

Akiru alibaki bomani kwa bibi yake, na tangazo liliandikwa Kakuma, kwenye simu ya Clotilde, mke wa Gervais. Gari ya spoti ya zamani, imefufuliwa yote, injini ni yake yenyewe, rangi mpya, bei ni maelewano. Walilipiga picha upande wa kulia ili shimo la kiti lisionekane.

Gervais alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi wa kambini, fundi wa bodi. Ewoi alishughulikia injini, yeye akashughulikia mabati. Aliponda, akachomelea, akapaka puti na kuisugua mpaka vidole vikatoka damu. Sasa alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa kushoto na bisibisi mdomoni.

"Ewoi, ndugu yangu, mi nafanya kazi ya milango tangu ningali kijana. Huu mulango hauna makosa hata moja."

"Basi mbona unafunguka wenyewe?"

"Uliza mwenye anashuka."

Clotilde akamchapa na leso. "Gervais! Mutu ako na kilio, wewe unacheza!"

"Sichezi. Kitasa nimebadilisha, bawaba nimebadilisha. Ungali unafunguka. Sasa nibadilishe nini?"

Ewoi hakukasirika. Yeye mwenyewe, kila alipozima gari, mkono wake ulinyooka kushoto kufungua mlango ule kwanza, kwa sababu kitasa cha ndani kilikuwa kigumu na Akidor hakukiweza. Mkono ulikuwa ukifika, unakuta hewa, unarudi. Watu wa sokoni waliokuwa wakimsumbua awape lifti sasa walisema jua si kali, watatembea.

"Tukiuza tunagawanya katikati, ee?" Gervais akasema, bila kumtazama. "Kifo nakililia pamoja na wewe. Lakini hii bodi ni jasho yangu, na watoto yangu wanakula."

"Katikati."

"Na Lodwar siwezi fika. Ile karatasi ya kutoka kambini wameninyima tena. Macho yangu ni wewe."

Mtu aliyepiga simu alikuwa anaitwa Lopeyok. Alikuwa mkubwa wa ofisi moja ya magari ya umma huko Lodwar, na hata ile ambulensi ya zahanati ilikuwa chini ya kalamu yake. Ofisi yenyewe haina haja ya kutajwa. Watu wake wanaijua kwa magari yanayoonekana kwenye harusi na hayaonekani kwenye shida. Lopeyok hakuuliza habari za mtu. Aliuliza kama kitabu cha gari kipo, akasema, "Lete tuone."

* * *

Walikubaliana kukutana kwenye hoteli moja upande wa Nawoitorong. Ewoi alifika asubuhi. Askari wa getini akamwambia arudishe gari nyuma, mbali, kwa sababu mngurumo unasumbua semina.

"Semina ya nini?"

Askari akaonyesha kitambaa kilichofungwa ukutani. Kiliandikwa habari za kuokoa maisha ya mama mjamzito. Chini yake palikuwa na meza ya samaki wa kukaanga kutoka Longech, na watu wenye vitambulisho shingoni wakipakua.

Ewoi akakaa juani. Ilipita chai ya saa nne, kikapita chakula cha mchana, likapita lile la kupiga picha pamoja. Mhudumu mmoja alimletea maji, akamwambia anywe haraka arudishe glasi. Lopeyok alipotoka kwenye semina alikuwa na kijiti cha meno na tai ya bluu, na nyuma yake kulikuwa na dereva na gari jeupe la kazini, jipya.

"Ejok, fundi," akamsalimia. "Kumbe ni kitu ya ukweli!" Akalipapasa gari kama anapapasa fahali. Kisha akachungulia ndani. "Kiti ingine iko wapi?"

"Tuzunguke kwanza, mkubwa. Usikie injini."

Lopeyok akaendesha. Ewoi hakuwa na pa kukaa. Alikunja gunia, akaliweka juu ya bati tupu pale kilipokuwa kiti cha mkewe, akakaa magoti yakigusa kidevu, amejishika kwenye dashibodi kama mtoto. Wakaelekea barabara ya Kakuma. Dereva wa ofisini akafuata nyuma.

"Nauliza tena. Kiti?"

"Iko kwa mama mkwe."

"Inafanya nini huko?"

"Mke wangu alifia hapo."

Lopeyok naye alizaliwa bomani, kabla ya tai, na hakuhitaji kuelezwa. Akajiinua kidogo kwenye kiti alichokalia.

"Hii ya kulia?"

"Hiyo ni yangu. Bado niko hai."

"Aa." Akarudi kukaa. "Pole. Ilikuwa lini?"

"Novemba. Uchungu ulimshika Kakuma. Ambulensi haikuwa na betri."

Lopeyok akabadilisha gia. "Gia ziko laini sana," akasema.

Baada ya mwendo Lopeyok akaanza kueleza biashara. Yeye hanunui kukaa nayo. Kuna mtu Nairobi anakusanya magari kama haya, anayafunika na shuka. Huyo anataka kila kitu cha kiwandani, viti vyote viwili, na kile kibati cha chini. Bila kiti, bei ni nusu.

Ewoi alijua nusu itafanya nini. Ingetosha Lomenen, na Gervais asipate hata ya rangi.

"Niko na fundi Kakuma anaweza kushona ingine kama hiyo. Hutaona tofauti."

"Na kibati atashona?" Lopeyok akacheka. "Fundi, sisi ni watu wa kisasa. Hiyo mambo ya nyumba ya maiti ni ya wazee. Kiti ni kiti."

Hapo mlango wa kushoto ukafunguka.

Ulifunguka wote, upepo ukaingia, na gunia likateleza. Ewoi akabaki ameshikilia dashibodi kwa kucha, mguu mmoja nje juu ya lami. Lopeyok akakanyaga breki mpaka gari likaserereka upande.

"Funga mlango!"

"Unafungwa, mkubwa. Huwa unafunguka hapa."

"Hapa ni wapi?"

Ewoi akanyoosha kidole. Mbele kidogo ya barabara palikuwa na boma, na kando ya boma zizi dogo la miiba, na ndani ya miiba kiti cheusi kikitazama barabara. Kuna mtu alikuwa amekikalia, kichwa kimeegemea nyuma. Lopeyok alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtu wa kisasa, lakini hakushuka mpaka yule mtu aliposimama na kutoka kwenye miiba, ikaonekana ni msichana wa shule aliyevaa sweta ya marehemu mama yake.

"Huyo ni binti yangu," Ewoi akasema.

* * *

Lomenen alisikia habari ya pesa kabla hajasalimia. Alisema kiti kichukuliwe tu, hata yeye angesaidia kubeba. Lakini Mama Lomenen alikuwa ameshajikalisha mlangoni pa ile miiba, miguu imenyooka mbele.

"Hii nyumba tuliiacha," akasema. "Ikirudi kwa watu, hairudi kavu."

"Mama, tusicheleweshe mkubwa."

"Lete mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Ule mweupe."

"Ule ni wangu! Ule nimenenepesha wa Krismasi!"

"Si wewe unataka pesa?" Majirani walikuwa wameanza kufika, na mmoja akapiga mluzi. "Basi lete mbuzi wako."

Mbuzi akaletwa, akachomwa mkuki. Mama Lomenen akaingiza mikono tumboni mwake akatoa yale majani ya kijani yanayochemka, akaingia kwenye miiba, akaanza kukipaka kiti. Alipaka mgongo, makalio, pembeni, mpaka kwenye mshono. Alipaka taratibu, kama anayemuogesha mtu, na alikuwa akisema maneno kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyeombwa kuyasikia.

Lopeyok aliruka. "Mama! Mama, hapana! Hiyo ni orijino! Hiyo imetoka Japani!"

"Imetoka kwa mtoto wangu," mama akajibu bila kugeuka.

Akampaka Ewoi kifuani. Akampaka Akiru kwenye paji la uso. Kisha akamgeukia Lopeyok, mikono inadondoka.

"Mimi sihusiki, mama. Mimi ni mnunuzi."

"Umekalia nyumba ya kilio. Unataka upeleke kwako hivyo hivyo, kwa watoto wako?"

Majirani walikuwa wengi sasa, na wote walikuwa watu wa kupiga kura. Lopeyok alitazama huku na huku, akatabasamu kama anapigwa picha, akainamisha kichwa. Mama akampaka paji la uso, akashuka nayo mpaka kwenye tai ya bluu, akaifuta mikono yake hapo.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Nasimamia magari, mama. Ya serikali."

"Magari gani?"

Lopeyok akatoa leso, akaanza kufuta tai. Mama alisubiri. Watu walisubiri. Ewoi alimtazama, na Rispa angekuwepo angemtazama pia. Leso ikawa ya kijani yote na bado alikuwa anafuta.

Kitu pekee alichosema baadaye ni kwamba kiti sasa kinanuka, na mtu wa Nairobi atalalamika, kwa hiyo anapunguza bei. Alipunguza kwa roho safi kabisa, mbele ya watu, na hakuna sheria iliyomkataza. Wakubwa hawaibi gizani. Wanapunguza mchana, na unawashukuru. Ewoi alishukuru.

Bahasha ilipita kutoka mkono wa Lopeyok kwenda wa Ewoi, na kabla haijapata joto, sehemu kubwa ya pesa ikaenda kwa Lomenen. Lomenen alihesabu akiwa amempa mbuzi wake mgongo. Kisha akamwita Akiru, akamtemea mate mepesi ya baraka kichwani, akasema, "Haya, nenda na baba yako. Hatumdai kitu tena." Na hapo akawa mjomba mwema tena, akauliza kama watakula nyama kabla ya kuondoka.

Iliyobaki mfukoni mwa Ewoi haikuwa hata theluthi ya haki ya Gervais.

Kulibaki kazi moja. Lopeyok hakujua kufunga kiti, na dereva wake alisema hana spana. Ewoi akapiga magoti kwa mara ya pili kwenye mlango ule, mikono inanuka mbuzi, akarudisha zile boliti nne, moja baada ya nyingine. Mama mkwe alisimama nyuma yake. Alipomaliza, mama aligusa juu ya kiti kwa kiganja, pale kichwa kinapoegemea, akaingia ndani ya nyumba yake na hakutoka tena.

Lopeyok akawasha gari. Lilinguruma mpaka mbuzi wakatawanyika, likaenda zake Lodwar likiwa kamili, gari jeupe la kazini likifuata.

* * *

Baba na mwana walisimama kando ya lami kungoja lori lolote linalopanda Kakuma. Akiru alikuwa na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Yale majani yalikuwa yamemkaukia usoni na hakuyafuta.

Simu ya Ewoi ikalia. Alikuwa Gervais. Ewoi alitazama jina mpaka simu ikanyamaza, kisha ikalia tena, kisha ikanyamaza.

"Utamwambia nini?" Akiru akauliza.

"Nitamwambia ukweli."

"Atakasirika?"

"Ana haki."

Lori likapita limejaa, halikusimama. Vumbi likashuka. Akiru akahamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Baba, mama aliongea."

"Wapi?"

"Kwa gari. Siku hiyo. Mdomo wake ulikuwa kwa sikio langu. Wewe ulikuwa unaangalia barabara, na injini inalia."

Ewoi akageuka. "Mbona hukusema?"

"Haikuwa ya kuniuliza mimi. Alikuwa anakuuliza wewe. Aliuliza mara mbili."

Ewoi akaupokea ule mfuko. Akiru alikuwa anatazama upande wa Kakuma.

"Aliangalia kiti yako, akaangalia yake, halafu akanigusa huku nyuma. Mara ya pili alikuwa anacheka kidogo, baba, maumivu yalikuwa yamemwachia. Alisema, tukirudi tutakuwa wanne. Sasa huyu mtoto atakaa wapi?"